Wale wa Ndege 815 na Matangazo ya Jioni

Siku ya tatu iliyopita, pale karibu na gare ambapo wengi wetu tunachajisha simu, vijana wawili nusura wapigane ngumi kwa sababu ya filamu iliyokwisha mwaka 2010. Mmoja alishikilia kwamba watu wote wa ile ndege walikufa siku ile ile ilipoanguka, na mambo yote tuliyoyaona kisiwani ni safari ya wafu. Mwenzake akamjibu: «Weye ulilala mbele ya mwisho.» Wa kwanza naye: «Siye miye nililala, ni weye haukusikia Kifaransa.» Mwenye grupu akazima muziki ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza bei ya unga wa mahindi kwa ajili ya habari ya jioni. Unga nikausahau.

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnaonijua kwa sauti tu, na ninyi mliotoka Malemba-Nkulu, Mitwaba na mbali zaidi mkapata makao hapa kwetu, leo mnisamehe. Sitaandika juu ya barabara wala juu ya bei ya unga. Nitaandika juu ya ile filamu, kisha mtaona ni kwa nini.

Jina lake kwa Kiingereza ni Lost. Sisi tuliijua kwa jina la Kifaransa lililokuwa kwenye karatasi ya diski: Les Disparus. Ndege nambari 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika angani na kuanguka kwenye kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Watu 48 wa sehemu ya katikati wanapona. Wanangoja waje kuchukuliwa, hakuna anayekuja. Wamarekani walianza kuiona Septemba 2004, ikamalizika Mei 2010, misimu sita yote.

Hapa Kamina hatukuiona kwenye televisheni. Ilitufikia kwa treni, ndani ya mifuko ya wachuuzi waliotoka Lubumbashi, diski za Kichina ambamo msimu mzima umebanwa kama samaki ndani ya kitunga. Tulilipa kidogo kwenye nyumba ya video, tukakaa juu ya mbao, na esanse ya grupu ikikwisha katikati, basi fumbo lilibaki pale pale mpaka kesho. Nafikiri hakuna mtu duniani aliyeteswa na ile filamu kama sisi. Wamarekani walingoja wiki moja kuona sehemu inayofuata. Sisi diski ya mwisho ilikuwa imekwaruzwa. Ilikwama pale daktari Jack anaponyosha mkono kufungua jeneza la baba yake, na haikusonga tena. Mwenye video aliipangusa kwa shati, kwa mate, kwa dawa ya meno. Wapi! Karibu miaka miwili nyumba ile ya video haikujua ndani ya jeneza mna nini, na kila mtu alijitungia mwisho wake.

Ndiyo maana mabishano yetu yalikuwa makali. Fundi mmoja wa pikipiki hakujali mizimu wala moshi mweusi unaoua watu. Yeye alishikwa na kile kindege cha Mr. Eko, yule padri wa uongo wa kutoka Nigeria. Kindege cha propela kinaruka Nigeria, kimebeba dawa za kulevya ndani ya sanamu za Bikira Maria, halafu kinakutwa juu ya miti ya kisiwa cha Pasifiki. «Alipakia esanse wapi?» Kila jioni swali hilo hilo. Katika mji ulio na baze kubwa ya ndege kama wetu, huwezi kuwadanganya watu juu ya mafuta ya ndege. Vijana wao walichora ukutani zile namba, 4, 8, 15, 16, 23, 42, wakazijumlisha wakapata 108, na 108 ndizo dakika ambazo mtu alipaswa kungoja kabla ya kubonyeza tena kile kitufe chini ya ardhi. Wakapiga kelele kama waliopata almasi. Lakini ukiuliza 108 nayo maana yake nini, kimya.

Baadaye nilipokwenda kusoma uandishi wa habari, nilipata diski nzima, nikaangalia mpaka mwisho. Kwa hiyo naweza kuwajibu wale wawili wa pale gare. Hawakufa siku ya kwanza. Ndani ya kanisa la mwisho, baba yake Jack anamwambia wazi kwamba yote yaliyowapata yalikuwa ya kweli, na kwamba kila mmoja alikufa kwa siku yake, wengine mbele yake, wengine miaka mingi nyuma yake. Kilichowachanganya watu ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja, zilizopita pamoja na majina ya mwisho. Zile ziliwekwa na kituo cha televisheni chenyewe, hazikuwa sehemu ya hadithi ya watunzi. Na vyakula vilivyoanguka kwa parashuti vilielezwa katika kipande kifupi cha nyongeza: vilitoka kwenye ghala moja huko Guam, ambako wafanyakazi waliendelea kutuma tu bila kujua walioagiza walikufa zamani.

Mengine hayakujibiwa, na siwezi kuyajibu mimi. Yule mtoto Walt alikuwa na nguvu gani hasa? Nani aliwapiga risasi wenzetu waliokuwa ndani ya mtumbwi? Yule mtu wa nguo nyeusi alipewa jina gani na mama yake? Wengi walikasirika kwa sababu hiyo, wakasema watunzi walitudanganya miaka sita. Mimi sikukasirikia mtumbwi. Anayeishi hapa amezoea risasi ambazo hakuna aliyesema nani alizipiga. Nilikuwa nakasirika nikisikia neno moja tu: «walikufa wote tangu mwanzo». Nilikuwa natoka nje ya nyumba ya video nikilisikia, na wenzangu walidhani ni ushabiki.

Angalieni jina lenyewe. Disparu, kwa Kifaransa, ni aliyepotea. Lakini Wafaransa wakitaka kusema kwa heshima kwamba mtu amefariki, wanasema vilevile: disparu. Neno moja milango miwili. Mimi nalisoma neno hilo karibu kila siku, kwa sababu komunike nyingi zinatufikia zimeandikwa kwa Kifaransa na mimi ndiye ninayezigeuza kwa Kiswahili mbele ya mikro. Kila mara lazima nichague mlango. Ninasema «aliyepotea».

Mwisho wa 2005, wakati jeshi na Mai-Mai walipokuwa wakipigana pande za Mitwaba na ziwa Upemba, yaya yangu alitoka Malemba-Nkulu kwa baiskeli, amebeba samaki wakavu, kwenda kuuza. Alikuwa na miaka 19. Pande zile watu waliziita pembetatu ya kifo: Manono, Mitwaba, Pweto. Sisi tulikimbia nyuma yake siku chache baadaye, na tukafika Kamina bila yeye. Miaka ishirini sasa. Hatukupata maiti, hatukupata baiskeli, hatukupata mtu wa kusema nilimwona hapa au pale.

Kwa hiyo katika ile filamu mimi sikumfuata sana Jack, wala Kate ambaye vijana wote walimpenda. Nilimfuata mama mmoja mweusi, Rose. Mume wake Bernard alikuwa amekwenda choo cha nyuma wakati ndege ilipokatika, na mkia wote ukaenda zake. Jack, kwa huruma, anajaribu kumweleza kwamba watu wa mkia bila shaka wamekufa. Rose anamjibu kwa utulivu kwamba hata wao kule labda wanasema hivyo hivyo juu yetu. Shingoni amevaa pete ya mume wake, kwa sababu vidole vya mume vilivimba kila akipanda ndege, basi alimtunzia. Na ilikuwa kweli! Watu wa mkia walikuwa hai upande wa pili wa kisiwa, Bernard pamoja nao, naye anamngojea Rose. Siku ile katika nyumba ya video wamama waliokuwa nje wakiuza karanga waliingia kuona wakikumbatiana, na mwenye video hakuwalipisha.

Mtu atasema hiyo ni sinema. Lakini mwaka mmoja tulisoma komunike ya mke aliyekuwa hapa Kamina akimtafuta mume wake. Mume alikuwa Bukama. Alisikia jina lake mwenyewe kwenye redio ya jirani, akiwa amekwisha kunyoa kichwa na kumlilia mke yule yule. Alifika hapa kwa treni, nywele zimeanza tu kuota.

Sikatai kwamba hadithi kama hiyo ni moja, na zile zisizo na jibu ni nyingi. Ninajua, mimi ndiye ninayezisoma.

Kuna mwingine ndani ya filamu ile ambaye ni wa kazi yangu: Danielle Rousseau, Mfaransa. Katika sehemu za kwanza kabisa wanapanda mlima na redio ya rubani kutafuta njia, kama sisi tunavyopanda juu ya kichuguu kutafuta rezo. Wanapata sauti ya mwanamke. Inasema kwa Kifaransa kwamba wenzake wamekufa, anaomba msaada. Sayid, aliyekuwa mwanajeshi wa Iraki na anayejua mitambo, anahesabu ni mara ngapi sauti imerudiwa: inaita tangu miaka 16 na miezi mitano. Watu wa nyumba ya video walishtuka kwa hofu. Mimi nilijiuliza swali la kijinga: kwa nini miaka yote hiyo hakuirekodi upya? Alipoirekodi alikuwa bado na mimba, na sasa mtoto wake ni msichana wa miaka 16, anaishi huko huko kisiwani, amelelewa na watu wengine. Lakini sauti inasema maneno yale yale, kama siku haijasogea.

Swali hilo limenirudia mwaka huu, na kwa aibu.

Siku ya posho iliyopita wakubwa wa familia walikutana kwetu. Baba mdogo, anayezeeka na anaogopa kufa mbele ya jambo hili kuisha, alisema tufanye matanga. «Myaka makumi mbili,» alisema. «Tumulie, tumalize. Roho ya mutoto haipumziki, na yetu vilevile.» Sina neno baya juu yake. Ndiye aliyetembea kwa miguu mwaka 2006 kumtafuta. Mama alikuwa akichagua maharagwe, hakuinua uso. «Mutamulia nani? Muko na maiti?» Nyuma ya mlango wake kuna pompi ya baiskeli ambayo yaya aliisahau asubuhi ile. Hakuna anayeruhusiwa kuiazima. Matairi mangapi ya majirani yamekosa upepo kwa sababu ya pompi hiyo!

Baba mdogo akanigeukia: «Weye wa redio, sema.» Nikaenda kutafuta daftari langu la komunike ili niwaonyeshe kwamba tangu nianze kazi sijaacha kumtangaza kila mwaka. Nikaifungua, nikaisoma kwa sauti, kama ninavyoisoma kila mara: kijana wa miaka 19, mwembamba, shati la buluu, baiskeli nyeusi.

Nikasimama hapo. Shati gani la buluu? Nani kule Kabalo au Bukama atamtambua mtu kwa shati la 2005? Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nikimtafuta mtoto ambaye, hai au mfu, hayuko tena mahali popote.

Kwa hiyo, ninyi ambao komunike zenu ziko kwetu tangu zamani, mje pale redio asubuhi, tuzibadilishe bila malipo. Mtoto aliyepotea akinyonya sasa anatembea, labda anasema Kitabwa au lugha nyingine msiyoijua. Tuandike kovu, tuandike namna anavyocheka, jina la utani la nyumbani, wimbo mliomwimbia. Vitu visivyochakaa kama shati.

Ile ya kwetu nilianza kuiandika pale pale, wakubwa wakiwa bado wamekaa. «Mwanaume wa miaka 39,» nikasoma. Baba mdogo akashusha pumzi ndefu na kuangalia chini; sijui kama alikubali au alichoka. Mama aliacha maharagwe. Nilidhani atalia.

«Makumi tatu na kenda,» alisema polepole, kama anayehesabu feza. Kisha: «Papa yake alianza mvi mbele ya makumi ine. Ongeza na mvi.»