Silikanti na Deni la Majarida

Miaka ya 2000 majarife ya wavuvi wa Tanga yalianza kunasa silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka duniani hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2011 jarida la PNAS la Marekani lilichapisha makala iliyoonyesha, kwa vinasaba, kwamba silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni kundi la peke yake. Watafiti Watanzania walikuwamo miongoni mwa waandishi, na ndivyo ilivyostahili. Hata hivyo, nikiwa Moa huwa najiuliza: mvuvi aliyemtoa samaki huyo majini ataisoma wapi, na kwa lugha gani? Majarida mengi humtaka mtafiti aonyeshe kibali. Mimi ningemtaka mhariri adai pia muhtasari wa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji kabla makala haijachapishwa.