Herufi Tano Juu ya Cherehani

Hapa Nalasi gazeti hutufikia likiwa limechelewa, kwa mkono wa msafiri atokaye Tunduru mjini, na mara nyingine hufika matoleo mawili kwa pamoja. Kuchelewa huko hakutusumbui sana. Sisi wawili, mume na mke tuliokwisha kustaafu ualimu, huanza kusoma kutoka nyuma, na fumbo la maneno halichachi. Baada ya Magharibi, tukiingoja Isha, hulilaza gazeti juu ya meza ya cherehani, taa ikasogezwa, mmoja wetu akashika penseli na mwenzake akashika raba.

Mchezo huu si mkongwe kama vitendawili vya bibi zetu. Wanaoujua huanzia kwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ambaye fumbo lake la kwanza lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lakini ulipoingia katika Kiswahili ulipata ugumu wake wenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na ndani yake konsonanti na irabu hupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kwa sababu hiyo neno lisilo lenyewe huweza kukaa mahali pa neno lenyewe kwa raha kabisa, na likakaa muda mrefu bila kushukiwa.

Ndivyo ilivyotokea jioni tunayotaka kuisimulia. Dokezo lilisema: "Hukaa kwako, si yako." Herufi tano, ya pili M, ya nne N. Tukaandika IMANI. Mmoja wetu alileta hoja kwamba imani hukaa moyoni mwa mtu, lakini ni tunu ya Mwenyezi Mungu, basi si yake. Hoja ilitupendeza, na tukaipongeza. Kutoka katika ile I ya mwanzo lilishuka neno jingine: "Kazi ya wengi wasiolipwa," nalo lina L katika nafasi ya nne. Tukaandika IDILI. Katika I ya mwisho lilikuja kuishia neno fupi, "Mahali pake ni juu," herufi tatu zenye kuanza kwa TA. Tukaandika TAI, ndege wa mawinguni. Maneno matatu yakawa yanashuhudiana. Kasoro ilikuwa moja tu: mstari wa chini yake, "Tunaila, itatula," uligoma kabisa. Hakuna neno la Kiswahili lililokubali kuanza kwa herufi tuliyokuwa tumeiweka pale.

Hapo tukanyamaza, na akili zikaondoka.

Ndugu msomaji, ukikaa mbele ya neno lisilopatikana, macho hubaki kwenye visanduku lakini fikra hupita mlango wa nyuma. Zetu zilikwenda kwenye bei ya korosho, zikapita kwa jirani aliyelazwa, zikarudi kwenye goti linalouma mvua ikikaribia. Mmoja wetu alikuwa akichezesha mguu chini ya meza, na kikanyagio cha cherehani kikalia.

"Inataka mafuta hii," akasema.

"Mara ya mwisho aliitia mafuta nani?"

Swali lilikuwa la kawaida. Jibu halikuja upesi, na kabla halijaja tulijikuta wote wawili tunamfikiria mtu ambaye hatukuwa tumelitaja jina lake kwa miaka.

Alikuwa fundi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya Msumbiji vilimleta kwetu na mkewe na cherehani hii ya miguu, na marehemu mzee wetu akampa sehemu ya baraza ashonee. Alizungumza Kiyao kama sisi, akaswali safu moja nasi. Amani ilipotiwa saini kule Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, alingoja mwaka mmoja zaidi, kisha akaenda kutazama nyumba na shamba lake. Cherehani haikubebeka kwa miguu hadi mtoni, wala haikufaa kwa mtumbwi. Akamwambia mzee, "Nitairudia." Mzee akaifunika kwa mkeka na haikuguswa hadi siku aliyofariki.

Sisi ndio tulioufunua mkeka. Mwanzoni ilikuwa ni kushona nguo moja ya dharura. Baadaye zikaja kanzu za Idi za watoto, kisha sare za shule za wanafunzi wa jirani, kwa malipo. Hatukumbuki siku tuliyoanza kusema "cherehani yetu". Wala hatuwezi kuusingizia mto, maana Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ingawa si karibu nasi, lilizinduliwa mwaka 2010, na wafanyabiashara wa kijiji huvuka kila msimu.

Tulichoona haya kuambiana, na hatimaye tukaambiana, ni kwamba fikra ile haikuwa ngeni. Ilikuwa ikitujia ndani ya swala, kila mmoja kwa wakati wake. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba Shetani humjia mwenye kuswali, akamkumbusha hili na lile, hata asijue ameswali rakaa ngapi. Basi fundi alipotujia katika rakaa ya tatu tulimfukuza kwa jina la wasiwasi, na tukisha kutoa salamu hatukumrudia. Husimuliwa kisa cha mtu aliyesahau alipoificha mali yake, Imamu Abu Hanifa akamshauri aswali usiku kucha, na kabla ya alfajiri akapakumbuka. Sisi tulikuwa tukikumbushwa pasipo kuomba, na tukijibu kwamba tuna shughuli.

"Futa IMANI," akasema mwenye penseli.

Raba ilifanya kazi. AMANA. Chini yake ASALI, ambayo nyuki hawalipwi, pembeni TAA, na ule mstari uliogoma ukawa ARDHI mara moja. Tulizijaza bila furaha.

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa tumewafundisha watoto wa watu kuihifadhi. Tumemwendea anayejua zaidi yetu, naye hakutupamba: aliyetumia amana bila idhini amebeba dhamana yake, atafutwe mwenyewe, na kama amefariki watafutwe warithi, wakikosekana kabisa baada ya juhudi ya kweli, thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yake. Kuhusu fedha za sare tulizoshona, tumeanza kuzihesabu katika daftari. Hesabu haijatimia, na kuna usiku mmoja tulitofautiana kwa sauti.

Barua tumeiandika, tukamsomea kwa Kiyao mfanyabiashara aendaye upande wa Niassa, ili aifikishe msikitini na kuuliza. Hajarudi. Sare ya mjukuu wetu ilikuwa imebakia mkono mmoja. Tumeumaliza kwa sindano ya mkono, na mshono umepinda kidogo. Cherehani imerudishiwa mkeka. Fumbo la wiki hii tunalijazia magotini.