Nguruwe aliyeniumbua ukweni kwa kaka

Asikudanganye mtu, msomaji wangu, ugeni bila lugha ni kasheshe. Kaka yangu baharia alipooa huko Iloilo, kisiwa cha Panay, Ufilipino, mwaka 2018, nami nilikuwamo kwenye msafara. Msafara wenyewe watu wawili! Nilishakariri Kitagalogi changu cha kuombea maji. Kufika, wenyeji wanatabasamu tu. Kumbe pale nyumbani ni Kihiligaynon.

Basi nikaanza upya. Asubuhi unasema "maayong aga", usiku "maayong gab-i". Asante sana ni "salamat gid", na hiyo "gid" ndiyo "kabisa" yao, wanaipachika kila mahali. Sokoni unauliza "tagpila ini?", halafu unatajiwa bei kwa namba za Kihispania, hapo ujijue mwenyewe. Kwenye jeepney, yaani daladala zao, ukitaka kushuka unapaza sauti: "Lugar lang!" Mimi nilinong'ona kwa aibu, nikapitilizwa vituo viwili.

Balaa likaja kwa bibi yake shemeji. Nilimshika mkono nikaupeleka kwenye paji la uso wangu, maana ndiyo shikamoo yao, akafurahi. Akaniwekea bakuli la batchoy, supu ya tambi ambayo mji ule unajivunia. Harufu si mchezo! Lakini mwenzenu Muislamu, na nilishaambiwa supu ile haikosi maini na utumbo wa nguruwe. Kaka hayupo, shemeji yuko jikoni. Nguruwe ni "baboy", hilo nilikuwa nalo. Nikamtazama bibi wa watu usoni, nikatamka:

"Baboy?"

Meza nzima kimya. Kumbe kumwita mtu hivyo ni tusi, kama huku kwetu tu. Na bibi mwenyewe si mwembamba, yarabi toba!

Shemeji akatoka mbio, akaelewa, akanifundisha: "May baboy ini?" Yaani, hii ina nguruwe? Vijineno viwili tu vilipungua. Nikairudia huku nikionyesha bakuli, jasho linanitoka. Bibi akaangua kicheko, akaliondoa, akarudi na samaki wa kukaanga.

"Wala sang baboy," akasema.

Wala! Neno kama letu kabisa, na kwao maana yake ni hakuna. Nikala, nikasema "namit gid", tamu kweli, akaniongeza samaki wa pili. Tangu siku hiyo mpaka tunaondoka, jina langu pale nyumbani likawa Baboy.