Mtoto anataka roboti, mfukoni kuna elfu ishirini

Watoto wa uswahilini hawajawahi kusubiri duka la midoli. Ndala iliyokatika hutoa magurudumu manne, waya uliookotwa gereji hugeuka chasisi, kopo la mafuta ya kula huwa bodi, na kufikia jioni gari limeshazunguka mtaa mzima likisukumwa kwa usukani mrefu, dereva akitoa mlio wa injini kwa mdomo. Hakuna mzazi aliyewahi kuombwa hela ya gari la waya. Roboti ni gari hilohilo, ila limeongezewa mota ya kulisukuma na jicho la kuliambia liende wapi. Hapo ndipo hela inapoanza kuombwa.

Katika nyumba moja ya Mbagala, Dar es Salaam, ombi lilikuja wiki mbaya. Baba anaendesha bajaji ya mkataba, mama ni fundi cherehani, na binti yao yuko darasa la sita. Bajaji ilikuwa imelala gereji siku tatu, na mchango wa masomo ya ziada ulikuwa unadaiwa. Binti alikuwa ameona video kwenye simu ya mama yake: mtoto wa umri wake, huko nchi za watu, ana kigari kinachokwepa miguu ya viti chenyewe. Akatafuta bei ya boksi lenye vifaa vyote, akamwonyesha mama. Mama alirudisha simu bila kusema neno, akaendelea kupiga pindo.

Baba ndiye aliyesema. "Mwanangu, mwakani una mtihani wa darasa la saba. Roboti watatengeneza Wajapani, wewe soma." Yalikuwa maneno ya mtu anayejua kila elfu moja ina kazi ngapi kabla haijatoka mfukoni, na wazazi wengi wanaosoma hapa wangesema vilevile.

Siku chache baadaye mama akapokea zamu yake ya mchezo. Alipomaliza mchango wa shule, vitambaa vya kazi na deni la dukani, alimpa binti elfu ishirini na masharti mawili. La kwanza, hakuna nyongeza. La pili, hakuna kitu cha nyumba hii kitakachofunguliwa bila ruhusa. Sharti hilo lilikuwa na sababu yake: juu ya kabati kulikuwa na redio kaseti ya marehemu babu, na ndani ya redio kaseti kuna mota. Binti alikuwa ameshaanza kuitazama.

Je, hela hiyo inatosha? Mwaka 1948 na 1949, mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo aliyeitwa William Grey Walter alitengeneza mashine mbili ndogo zenye umbo la kobe, akaziita Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na mota mbili, jicho moja la mwanga, kigusio kwenye gamba, na kwa upande wa akili, valvu mbili tu za redio. Gia nyingine zilitoka kwenye saa kuukuu. Kobe hao walitambaa sakafuni wakifuata mwanga, wakigonga kiti walitafuta njia nyingine, na betri ikipungua nguvu walirudi kwenye kibanda chao chenye taa kujichaji. Kompyuta haikuwemo hata moja.

Karibu na nyumbani kuna mfano mwingine. Mwaka 2012 mtandao wa roboti barani Afrika ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Marekani uliitisha shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwa Thomas Tilley, aliyekuwa akiishi Thailand. Alichukua padi ya kuchezea gemu, mota zake ndogo za mtetemo akazifanya zizungushe magurudumu, kisha akachomeka pipi mbili za kijiti juu ya vile vijiti vya kuongozea gemu. Roboti ikigonga ukuta, pipi zinayumba kwa uzito wake, kijiti kinainama, na mashine inajua imegonga. Jumla, dola 8.96. Ni kweli kwamba roboti hiyo inaunganishwa kwa waya na kompyuta, na kompyuta haimo kwenye hesabu. Mzazi asiye na kompyuta nyumbani aangalie zaidi kwa kobe wa Bristol.

Binti wa Mbagala hakuwa na kompyuta. Safari yake ilianza kwa fundi redio wa mtaani, mzee ambaye kibanda chake kimejaa deki za DVD zilizokufa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa nini?"

Hakuwa ametumwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akamuuzia deki mbili kwa elfu tatu na kumwazima bisibisi afungue mwenyewe palepale. Mtu asiyewahi kufungua deki hajui utajiri uliomo. Mota ndogo ya kutoa na kuingiza trei hutumia umeme mdogo wa betri na ina puli yake tayari. Kuna gia za plastiki, swichi ndogo, skrubu za saizi moja, waya laini. Binti alirudi na mfuko mzima.

Jumamosi mama alikwenda Kariakoo kununua nyuzi, wakaenda wote. Vihisi mwanga viwili, transista, resista, swichi na waya vilikula 9,500. Muuzaji alimshauri achukue na betri ya mraba ya volti 9 kwa elfu nne, kwa kuwa volti nyingi ni nguvu nyingi. Inasikika kama kweli. Betri hiyo ilitengenezwa kwa vitu vinavyokunywa umeme kwa kijiko, kama kengele ya moshi au mita ya fundi. Mota inakunywa kwa kata. Roboti ilijikokota dakika chache jioni ile, ikasimama, na moja ya tano ya bajeti nzima ikawa imekwisha.

Alilia. Baba alikuwa sebuleni akila, hakusema "nilikwambia", na hilo nalo ni jambo.

Kilichofuata kilikuwa wiki tatu za matatizo ambayo hakuna boksi la vifaa lingempa. Transista ya kwanza ilipata moto, ikatoa harufu, ikafa. Mzee wa redio alieleza kwamba zile ndogo za ukubwa wa punje ya mahindi hubeba umeme mdogo mno kwa mota, akampa mbili kubwa zenye tundu la skrubu, alizozing'oa kwenye spika ya zamani, bure. Akamwonyesha pia kufunga dayodi kila mota, kwa sababu mota ikizimwa hurudisha msukumo wa umeme unaoweza kuua transista. Betri zikabadilishwa: nne za saizi ya saa ya ukutani, zimefungwa mkia kwa kichwa, volti 6 kwa jumla. Elfu mbili na mia nne. Zikabaki elfu moja na mia moja.

Gurudumu la ndala lililogongwa moja kwa moja kwenye mota lilizunguka kama feni likiwa hewani, likiwekwa kwenye mkeka linakwama. Mwendo ulikuwa mwingi, nguvu hakuna. Dawa yake ni hesabu ya uwiano, ileile inayomchosha mtoto kwenye daftari. Puli ya mota ilikuwa na upana wa sentimita 1. Binti alichukua kifuniko cha chupa ya maziwa cha sentimita 5, akakibana kati ya vipande viwili vya kadibodi na kukigundisha kwenye gurudumu. Sasa mota inazunguka mara tano gurudumu lizunguke mara moja, na kile kinachopungua kwenye mwendo kinaongezeka kwenye nguvu. Mkanda wa deki ulikuwa mfupi. Mama alikata lastiki nyembamba, akaunganisha ncha kwa cherehani, akajaribu urefu mara tatu mpaka ikakaa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya roboti aliyoishika kwa mkono wake, na kwa maoni ya ukurasa huu ndiyo kipimo kizuri. Wazazi wengine wakishaanza kusaidia, mtoto anabaki kushika tochi.

Kisha ikaja siku ya kuunganisha macho. Kanuni ni rahisi: jicho likipata mwanga, linafungulia mota umeme. Binti aliunganisha jicho la kulia na mota ya kulia, la kushoto na ya kushoto, kama mtu yeyote angefanya. Akawasha tochi ya simu. Roboti ikageuka na kukimbilia uvunguni mwa kochi. Akajaribu tena, ikakimbia tena. Akasema imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Mwanga ukiwa kulia, mota ya kulia inaongeza mwendo, na gari linapinda kushoto, mbali na mwanga. Valentino Braitenberg, mtafiti wa ubongo, aliandika mwaka 1984 kitabu kizima kuhusu vigari vya namna hii, akaonyesha kwamba chenye waya za upande uleule kinatenda kama mwoga, na ukizikatisha, jicho la kulia kwenda mota ya kushoto, kigari kilekile kinaukimbilia mwanga kama chenye hasira. Waya mbili zimebadilishana nafasi, na mtu anayetazama anaapa kwamba tabia imebadilika. Binti hakuwa amesikia jina hilo. Aligundua kwa kuchora kwenye kurasa za mwisho za daftari la Sayansi.

Baada ya hapo ilikuja, lakini kwa kuzunguka, kila mara ikivutwa kushoto. Hapa ndipo baba alipoweka chini simu yake. Alichuchumaa, akatazama mizunguko miwili, akasema gari linalovuta upande mmoja huanza kukaguliwa matairi. Ndala moja ilikuwa imechakaa zaidi upande wa kisigino, gurudumu lake likawa jembamba na dogo. Alilikata upya kwa wembe. Ikanyooka kiasi. Kilichobaki kilitokana na deki mbili za kampuni tofauti, mota hazikulingana, na hilo walilimaliza kwa kubadilisha resista upande wa mota yenye nguvu. Saa tano usiku baba na binti walikuwa bado sakafuni, na mama akawa ndiye anayesema kesho kuna shule.

Kuna mipaka ambayo mzazi asiilegeze hata mtoto akiwa na kipaji namna gani. Kila kitu kiende kwa betri. Umeme wa ukutani usiguswe, na kifaa kinachotumia umeme huo kisifunguliwe na mtoto peke yake hata kikiwa kimechomolewa. Televisheni za zamani zenye mgongo na oveni za maikrowevu huweka umeme hatari ndani hata baada ya kuzimwa. Hizo ziachwe kabisa. Betri za kompyuta mpakato zilizokufa zinavutia kwa kuwa ni za bure, lakini zikitobolewa au ncha zikigusana zinaweza kuwaka moto mkali. Kuchomelea risasi kufanyike dirisha likiwa wazi, mtu mzima akiwepo, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula. Katika nyumba ile binti alichomelea kibandani kwa mzee, na viungio vya nyumbani vilisokotwa kwa mkono na kufungwa gundi ya karatasi.

Redio ya babu je? Binti alimuuliza mzee, kwa kupeleleza tu, kama mota ya kaseti ingefaa. Mzee alimwambia nyingi zina kidhibiti ndani kinachoziweka kwenye mwendo mmoja ili wimbo usipinde, na roboti inayoongozwa na mwanga inataka mota inayokubali kupunguza na kuongeza. Redio imebaki juu ya kabati, na hakuna aliyelazimika kusema hapana.

Roboti inafanya kazi usiku. Mchana mwanga uko kila mahali, nayo inatangatanga bila kujua pa kwenda, hivyo watoto wa majirani husubiri jua lizame, na umeme ukikatika ndiyo wanafurahi zaidi. Matokeo ya muhula yalipokuja, Hisabati ilikuwa imepanda kidogo na Kiingereza kimeshuka kidogo, na kila mzazi katika nyumba ile aliichukua ile aliyoitaka.

Sasa anataka roboti ya kukwepa viti kama ile ya kwenye video, na hiyo inahitaji bodi ya kuandikia programu. Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa yeyote, kwa hiyo kopi zake zinauzwa Kariakoo na Luthuli, Nairobi, kwa bei ya chini sana kuliko ya awali. Hata hivyo inazidi elfu moja na mia moja, na zamu ya mama kwenye mchezo iko mbali. Baba amesema atafikiria. Wakati huohuo saa ya ukutani imeisha betri, na zile nne zimeshatolewa mara mbili kwenye roboti kuisaidia saa. Mara mbili zote, asubuhi saa ilikutwa imesimama.