Lango Namba 22

Barua pepe ile ilinifikia Jumatatu alfajiri. Msomaji mmoja wa Uingereza, mwenye duka dogo la vitabu, alikuwa amefuata makala yetu hatua kwa hatua, na sasa amefungiwa nje ya seva yake mwenyewe. Hakunitukana. Aliuliza tu kama aliyeandika makala ile aliwahi kuyafanya aliyoyaandika.

Makala ilihusu UFW, faiwoli ya Ubuntu. Ukiiwasha, kwa kawaida huzuia kila kinachotaka kuingia kutoka nje, ikiwemo SSH, ile njia ya lango namba 22 ambayo fundi huitumia kuendesha seva iliyo mbali naye. Anayeijua kazi huruhusu SSH kwanza, ndipo akawasha faiwoli. Mwandishi wetu aliruhusu lango la 80 na la 443 kwa ajili ya tovuti, akaiwasha, kisha akamwelekeza msomaji aizime seva na kuiwasha upya. SSH hakuitaja popote.

Nilimpigia simu. Alikiri kwamba hajawahi kugusa seva maishani mwake. Alisoma makala tatu za wengine akazisuka kuwa moja. Sikuweza kumkasirikia sana. Mimi ndiye niliyempa kazi, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mitambo Mombasa kwa miaka tisa kabla sijawa mhariri Nairobi. Niliisoma makala ile, nikavutwa na lugha yake nzuri, nikaipitisha. Yule mtu wa vitabu nilimwandikia mwenyewe jinsi ya kuingia kupitia ukurasa wa kampuni iliyomkodishia seva, na jioni akarudi ndani.

Waandishi hawakuwa haba. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, vyumba vya kupanga vya Juja na Roysambu vilijaa vijana waliokesha wakiandikia wateja wa Marekani na Uingereza. Wengi walianzia kwenye insha za wanafunzi wa ng'ambo, zilizolipwa kwa ukurasa, zikitakiwa kabla ya asubuhi. Shule hiyo iliwafundisha kasi, iliwafundisha pia kuandika juu ya jambo lolote bila kulishika kwa mikono. Nilipotangaza kazi, maombi yalimiminika, kila mmoja akisema anajua Linux, usalama wa mitandao, hifadhidata, kila kitu.

Basi nikaacha kuomba sampuli. Nikaanza kutoa kazi ya majaribio, tena ya kulipwa, maana kumwandikisha mtu bure ni kumnyang'anya siku yake. Kazi ilikuwa ileile kwa wote: kodi seva ndogo kwa gharama yangu, washa faiwoli, andika ulichofanya. Karatasi nyingi zilirudi zikiwa safi kama kitabu cha shule, na nyingi zilimfungia msomaji nje.

Moja ilitoka Eldoret, kwa dada aliyekuwa akitunza kompyuta za sacco. Sarufi yake ilichechemea. Lakini kabla ya hatua ya kuwasha aliandika: "Fungua dirisha la pili la SSH uliache wazi. Usilifunge la kwanza mpaka uone la pili linaingia." Nilisoma mstari ule mara mbili, nikamtumia kazi siku hiyohiyo. Sentensi naweza kuzinyoosha mimi. Tahadhari kama ile siwezi kumwekea mtu, huipata kwa kukaa usiku mbele ya mtambo uliokataa kumjibu.

Desemba 2021, kasoro ya Log4j ilipotangazwa, yule dada wa Eldoret ndiye niliyempa makala. Alieleza jinsi maktaba hiyo ya Java, iliyowekwa tu kuandika kumbukumbu za programu, ingeweza kulaghaiwa ivute na kuendesha msimbo wa mtu mbaya, akawaagiza wasomaji wapande hadi toleo la 2.15.0. Siku chache baadaye akanitumia ujumbe: "Kaka, ile namba tuliyoandika haitoshi tena. Weka 2.16.0." Kisha ikawa 2.17.0. Mwezi haujaisha, watu wakiwa bado kwenye sikukuu, ikawa 2.17.1. Hakuna aliyemwomba afuatilie; makala ilikuwa imeshalipiwa na mkataba wake umekwisha. Kila marekebisho nilimlipa kwa M-Pesa kabla ya kulala.

Hilo la malipo nalishikilia kwa nguvu. Wenzangu wahariri hulalamika kwamba waandishi wa kujitegemea hupotea na kuzima simu. Wengine hupotea kwa tabia, kweli. Lakini nimeona wazuri wakiondoka kwa sababu mteja wa ng'ambo alilipa baada ya siku sitini, na kodi ya nyumba haingoji siku sitini. Niliamua kuwalipa ndani ya wiki, mteja awe amelipa au hajalipa. Miezi miwili hivi niliumia sana. Waandishi hawakunihama.

Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na ghafla kila karatasi ya majaribio ikanyooka, hata SSH ikaruhusiwa mahali pake. Sasa napiga simu. Namwuliza mwandishi swali moja: ni lini mtambo ulikukatalia, na ulifanyaje?

Mwezi uliopita kijana mmoja alinyamaza kwa muda mrefu nilipomwuliza, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Mwalimu, niliwahi kujifungia nje ya seva ya shule moja Siaya, nami niko Kisumu. Nilisahau lango la 22. Haikuwa ya kukodi, ilikuwa mashine iliyokaa ofisini kwao. Nikapanda matatu saa kumi na moja alfajiri, nimebeba kibodi kwenye mfuko wa nailoni, nikamkuta mlinzi hajafungua geti." Aliendelea kunieleza alivyoketi kwenye jiwe nje ya geti akingoja, kibodi mapajani, akiandika kwenye daftari hatua ambazo hatazikosea tena. Nikamwomba aupige picha ukurasa ule wa daftari anitumie. Mkataba wake nilikuwa nimeshaanza kuuandika.