Sinza kwa miguu, saa 11:30 alfajiri

Nimeishi Sinza miaka sita, na kama ungeniuliza mwaka wa kwanza au wa pili nyumba ya nne kutoka kwetu anakaa nani, ningekutolea macho tu. Najua unanielewa. Unatoka getini ndani ya gari, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza, redio inakupa umbea wa mjini, unakaa kwenye foleni mpaka Posta. Jioni ni vilevile ila kinyumenyume. Mtaa wangu niliujua kwa mashimo yake: hili la kulia, lile la kushoto, hapa punguza mwendo.

Kilichonishusha kwenye gari ni karatasi. Mwaka 2023 walikuja watu wa kupima afya ofisini kwa mume wangu, bure kabisa, foleni kama ya kupiga kura. Akarudi na karatasi yake, akaiweka juu ya friji kama bili ya maji, hakusema neno. Niliikuta siku tatu baadaye natafuta kiberiti. Presha 158 kwa 100. Mwanaume ana miaka 38! Baba yake alianguka na kiharusi akiwa na miaka 54, akalala kitandani miezi minane, akaenda zake.

“Ile mashine mbovu,” akaniambia. “Halafu nilikuwa nimetoka kupanda ngazi.”

Nikamburuta kwa daktari. Alipimwa siku tatu tofauti, na mara zote ngazi hazikuwepo. Daktari akatueleza kwa upole kwamba ikijirudia 140 kwa 90 kwenda juu, hiyo ni presha ya juu, haina ujanja. Akaandika dawa, akasema chumvi ipungue, bia ipungue, na mgonjwa atembee kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Piga hesabu utapata dakika 150, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Zile hatua 10,000 ambazo watu wanakimbizana nazo kwenye simu zao hata hakuzitaja. Baadaye nikaja kusoma kwamba zilianzia Japani miaka ya 1960, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichopewa jina la namba hiyo ili kiuzike. Biashara, jamani.

Mwenzangu alichosikia kwenye maneno yote yale ni moja tu: “mgonjwa”. Dawa alimeza siku nne akaacha. Kutembea ndio kabisa. “Nitembee barabarani natafuta nini, na gari ninalo?”

Halafu akaanza kuchelewa. Saa nne usiku, saa tano, simu inaita haipokelewi. Sasa dada yangu unayesoma hapa, wewe ungewaza nini? Basi na mimi niliwaza hicho hicho. Na hii ndiyo Sinza, usisahau, kila nyumba ya tatu baa, kila baa ya pili ina gesti kwa nyuma. Nikaanza kunusa mashati. Nisiwafiche, ni kazi ya aibu, kumvizia mtu aingie bafuni uinuse kola yake.

Kwa hiyo siku nilipovaa raba kwa mara ya kwanza, raba za mtumba za sh. 25,000, sikutoka kwa ajili ya afya. Nilitoka kwa hasira. Usingizi ulikuwa umekata saa 10 usiku, yeye anakoroma, mimi natazama dari. Ilipofika saa 11:30 nikaona bora niende zangu nje kuliko kumwamsha kwa ugomvi.

Na huko nje nikakutana na Sinza ambayo sikuwahi kuambiwa kwamba ipo.

Kwanza ni ukimya. Mtaa ambao usiku muziki unatikisa mpaka vikombe kabatini, saa hiyo unasikia ufagio. Kina mama wa usafi na makoti yao yanayong'aa wanafagia vifuniko vya chupa. Viti vya plastiki vimepandishwa juu ya meza, baunsa amekaa kwenye ngazi anapiga miayo kama mtoto. Nilipishana na binti mmoja anarudi nyumbani, viatu virefu mkononi, anatembea peku, tukasalimiana kwa heshima zote: “Habari za asubuhi, dada.” “Salama, za kwako.” Kila mmoja na usiku wake.

Hatua chache mbele, mama chapati anawasha mkaa. Watoto wa shule wamesimama na masweta yao wanasubiri basi, mmoja anasinzia ameegemea ukuta, begi kubwa kuliko mgongo. Adhana imekwisha, wazee wanatoka msikitini wawili wawili, hawana haraka. Harufu ya supu tayari imeshaanza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ndani ya gari nilikuwa sinusi kitu chochote, zaidi ya ile pafyumu ya kuning'iniza kwenye kioo.

Ukitembea unaanza pia kuona nyumba. Sinza mitaa yake mingi imenyooka, umeshawahi kujiuliza kwa nini, wakati Manzese na Tandale ni uchochoro kwa uchochoro? Huku vilipimwa viwanja miaka ya 1970, kwenye ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliozaa pia Kijitonyama na Mikocheni ya viwanja. Watu walipewa kiwanja, wakajenga wenyewe, chumba kwa chumba. Zile nyumba za mwanzo bado zipo, fupi, baraza mbele, mwembe uani, zimebanwa kati ya ghorofa mbili kama bibi aliyekaa siti ya katikati kwenye daladala. Mojawapo ndiyo hiyo ya nne kutoka kwetu. Anakaa bibi kweli, anafagia mwenyewe kila alfajiri ameinama, na tangu siku ya kwanza aliniita “mwanangu” kama tunajuana.

Mama chapati yeye alikuwa na wasiwasi wake. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

“Dada, samahani. Gari mmeuza?”

“Hapana mama, nafanya mazoezi.”

“Aah. Nikajua mambo yamekaza.” Sura yake iliniambia hajaamini hata kidogo. Siku hiyo akanipa chapati ya bure.

Wiki ya tatu mume wangu akanisubiri mlangoni nikirudi, kapiga mikono kifuani. Kumbe kijana wa bodaboda wa kona yetu alishamwambia, “Bro, shemeji siku hizi anachapa mwendo alfajiri, yuko vizuri.” Na kamoyo kakaanza kumdunda.

“Unaenda kukutana na nani saa 11 alfajiri?”

Jamani, nilicheka! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi na jasho langu. Mimi nanusa mashati, yeye anapeleleza kwa bodaboda. Ndoa ya miaka saba hiyo. Nikamwambia kesho uje umuone huyo mtu.

Akaja. Makubazi miguuni, suruali ya ofisini, mkanda juu. Nikamuacha hivyohivyo, kila mtu afundishwe na malengelenge yake.

Njia yetu ni hii, kama nawe uko maeneo ya huku. Tunakatiza mitaa ya ndani kuelekea magharibi mpaka Barabara ya Sam Nujoma. Mzee huyo alifariki Februari 2025, nami nikawa najiuliza ni wangapi tunaolalamikia foleni ya pale tunakumbuka kwamba harakati za kuikomboa Namibia zilikuwa na ofisi hapahapa Dar tangu 1961. Kuvuka ile barabara ndiyo sehemu pekee ya hatari ya safari nzima. Tembea upande wa kulia magari yakujie usoni, vaa nguo inayoonekana, simu ikae mfukoni, na usiiamini bodaboda isiyo na taa hata kama dereva anakuchekea. Tunapita Mlimani City, ambayo saa hiyo haina hata gari la kuhesabu, halafu tunaingia njia ya Chuo Kikuu na kuanza kupanda.

Hapo ndipo utajua kwa nini panaitwa Mlimani. Chuo kilihamia kwenye kilima hiki mwaka 1964, na waliochagua sehemu hawakuwa na habari na watu wenye vitambi. Ila hewa yake! Unavuka barabara moja tu na joto la mjini linabaki nyuma yako. Miti mikubwa imefunika njia, mvua ikiwa imenyesha usiku inaendelea kudondoka kutoka kwenye majani, na tumbili wanakukodolea macho kama askari wa getini. Desemba mikrismasi ikichanua, ardhi yote ni nyekundu.

Siku za kazi tunaishia katikati ya kilima tunageuza. Jumamosi tunakwenda mpaka Nkrumah, ule ukumbi uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500. Noti yenyewe Benki Kuu imeiondoa kwenye mzunguko mwaka 2025, ukumbi umebaki.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza tuliyofika pale. Giza lilikuwa bado halijaisha. Mume wangu alikuwa anahema kwa sauti, mkono kiunoni, ananiambia twende twende huku yeye ndiye amesimama. Tukakaa kwenye ngazi, wote tunaangalia mbele. Nafikiri hilo ndilo lililosaidia. Nyumbani tukizungumza tunakaa uso kwa uso mezani kama mahakamani, mmoja ni hakimu na mwingine mshtakiwa. Njiani hakuna anayemtazama mwenzake. Unaongea na barabara, mwenzako anasikia.

Akasema, bila kuulizwa, “Mimi usiku huwa nakaa kwenye gari.”

Nikanyamaza.

“Napaki pale baa, sishuki. Nasikiliza mpira kwenye redio, ukiisha nasikiliza matangazo ya vifo. Nasubiri ulale.”

Nikamuuliza kwa nini. Alichukua muda kujibu, mpaka nikadhani hatajibu.

“Ukiniletea ile mashine ya kupimia, namuona mama anamgeuza baba kitandani.”

Wapenzi wasomaji, nilikuwa nimejiandaa kwa jina la mwanamke. Nilishapanga mpaka maneno ya kumjibu. Kwa hili sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa nimemnunulia ile mashine kwa mapenzi, naiweka mezani kila jioni kabla hata ya sahani, na kila nilipoiweka yeye alikuwa anamuona marehemu. Hatukushikana mikono wala hatukulia. Alisimama, akasema viatu vinamuua, tukashuka.

Jumatatu akanunua raba. Mashine tukaihamishia kwenye droo ya chumbani, anajipima mwenyewe, ananionyesha akitaka. Dawa alirudia baada ya kama wiki mbili, na hapo nisijipe sifa, daktari ndiye aliyemweleza kwamba kutembea kunasaidia dawa na dawa inasaidia kutembea, asijifanye kuchagua. Mara ya mwisho kwenye kliniki ilikuwa 134 kwa 86. Daktari alifurahi, akamwambia aendelee na dawa vilevile. Alinuna njia nzima. Alifikiri wamemalizana.

Msije mkadhani tumekuwa malaika wa mazoezi. Masika tulikaa ndani karibu mwezi, kwa sababu mitaa yetu ikijaa maji huoni shimo liko wapi. Kitambi kimepungua kidogo tu, bia anakunywa mbili Ijumaa, na kuna asubuhi tunatoka tumenuniana, yeye mbele hatua kumi, mimi nyuma, mpaka bibi wa nyumba ya nne anauliza, “Leo mmegombana, wanangu?” Huwezi kumficha kitu mtu anayekuona unavyotembea.

Mwezi uliopita alikwenda Dodoma kikazi, wiki nzima. Siku ya kwanza nikasema nilale, nani ataniona? Saa 11:30 macho kodo. Nikatoka. Mama chapati akaniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia safari, akatikisa kichwa kama mtu anayejua mengi kuhusu safari za wanaume. Nimeshavuka barabara, naanza kupanda Mlimani, simu ikaita mfukoni.

“Uko wapi?” Upepo unavuma upande wake, anahema.

“Chuoni. Wewe?”

“Nimetoka hotelini, natembea tu. Huku kuna baridi, watu wamevaa makoti. Mbwa wengi.”

Nikaweka vile vya masikioni tukaendelea, yeye na Dodoma yake, mimi na kilima changu. Ananihadithia duka, ananihadithia mzee anayeuza zabibu alfajiri yote hiyo. Nilipofika pale pakali nikataka kumjibu kitu, pumzi ikagoma.

“Vuta pumzi kwanza,” akasema. “Nakusubiri.”