Zamani Jina Tulipewa

Katika Ujiji ya utoto wangu, miaka ya 1970, biashara nyingi hazikuwa na jina lililoandikwa popote. Duka liliitwa kwa mwenyewe: kwa Mwarabu wa karibu na msikiti, kwa Mama Fulani, kwa yule Mmanyema mwenye cherehani mbili. Mwenye duka hakuketi kufikiri ataliitaje. Alifungua mlango akauza, na jina likaja baadaye kutoka kwa majirani, kulingana na walichokiona kwake: ukoo wake, tabia yake, namna anavyopima.

Mama yangu naye alipewa jina kwa njia hiyo. Alinunua dagaa wabichi mwaloni alfajiri, vipe, boti za wavuvi, vikirudi kutoka ziwani na karabai zimeshazimwa. Wengi wakati ule walianika juu ya mchanga, kwa kuwa mchanga uko pale pale ufukweni na hauna gharama. Dagaa wa namna hiyo hukauka vizuri, lakini mchanga huwafuata hadi sahanini. Mama alianika juu ya vichanja vya matete vilivyoinuliwa kutoka chini. Vilihitaji kutengenezwa kila mara, na vilibeba dagaa wachache kuliko ufukwe mzima. Hata hivyo hakuviacha. Magunia yake yalipakiwa kwenye treni stesheni ya Kigoma kwenda Tabora na Dar es Salaam, na wanunuzi wa huko wakawa wanaagiza dagaa wa yule mama, wale wasio na mchanga. Miaka ilivyopita wakafupisha. Ilitosha kusema "wasio na mchanga" na kila mchuuzi akajua ni gunia la nani.

Serikali nayo ilikuwa na majina yake. Mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalitakiwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa na ya ushirika. Bidhaa za jumla zilipitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, tuliyoiita RTC. Majina hayo yalifanana kutoka Kigoma hadi Mtwara, kwa kuwa yalieleza mfumo, hayakumweleza muuzaji. Hata meli iliyokuja kuisaidia meli kongwe ya Liemba katika Ziwa Tanganyika iliitwa Mwongozo, neno ambalo tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 lilisikika katika kila mkutano.

Liemba yenyewe ndiyo iliyonifundisha kwamba jina linaweza kutoka juu lisidumu. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha hadi Kigoma na kuiunga upya. Waliipa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wao wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1916, walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 ilipewa jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa: Liemba. Chombo ni kilekile. Jina la gavana limebaki vitabuni, lakini la wenyeji nimelisikia maisha yangu yote likiitwa na wachuuzi wa nanasi, mahamali na abiria wa Kasanga na Mpulungu.

Ndipo ikaja ruksa. Masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi. Pale Mwanga, eneo lililochangamka mjini kwetu, maduka yalifunguliwa kwa wingi ambao sikuwahi kuuona, na kila mlango ukataka bango. Kwa mara ya kwanza nikaona watu wakichagua jina kabla hawajauza hata sabuni moja. Wengine walichagua miji ya mbali: Dubai, Paris, Kinshasa. Wengine walimtanguliza Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Mafundi wa kuandika mabango, baadhi yao wakiwa wametoka Uvira na Kalemie ng'ambo ya ziwa, walipata kazi tele. Nilifurahia rangi zile, kwa sababu mtu aliyebanwa katika biashara miaka mingi ana haki ya kuandika ndoto yake ukutani. Lakini mabango mengi yalipauka yakiwa hayajawahi kutamkwa na mteja. Watu waliendelea kusema "kwa Mama Fulani", kwa kuwa jina la Paris halikuwaambia kitu kuhusu mizani ya mle ndani.

Mama alikufa bila kuandika bango. Vichanja vyake sasa vinaendeshwa na binti wa kaka yangu. Siku hizi ni vya waya badala ya matete, na dagaa hawaendi tena kwa gunia peke yake. Huwafunga kwenye pakiti ndogo, kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam na Arusha ambao hatawaona kamwe. Mteja wa namna hiyo hajui Ujiji wala hakumjua mama yangu. Anaagiza kwa simu, na anapolipia, jina hutokea kwenye kioo chake kabla hajathibitisha. Hapo ndipo anapoamua kama anamwamini mtu huyu. Kwa hiyo jina ambalo zamani lilikuja mwisho sasa lazima litangulie.

Binti huyo alinijia nyumbani na orodha ya majina. "Shangazi, nisaidie kuchagua." Karibu kila jina lilikuwa na neno Kigoma au Tanganyika, na mengi yalimalizika na neno la Kiingereza. Tuliyapitia moja moja. Nilimwambia ayatamke kwa sauti, kama anayeita mtu aliye kwenye boti, na yale yaliyomkwama mdomoni tukayafuta. Mengine yalikataliwa na utafutaji wa jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa kuwa yalifanana na yaliyokwisha kusajiliwa. Dagaa wa Kigoma wanajulikana nchi nzima, hivyo kila mfanyabiashara anataka Kigoma iwemo kwenye jina lake, na mwisho mteja hawezi kuwatofautisha.

Halafu kulikuwa na suala la ziwa lenyewe. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Naunga mkono hatua hiyo, kwa sababu tulishaanza kuona vipe vikirudi vitupu. Lakini ilitufundisha kwamba biashara iliyojifunga kwa dagaa katika jina lake itakuwa na miezi migumu. Binti alivuka msimu ule kwa kuuza maharage ya Kasulu, aliyoyachambua mawe na vumbi.

Ni maharage hayo yaliyotuonyesha njia. Mteja mmoja wa zamani wa mama, mzee sasa, aliyapokea Dar es Salaam, akapiga simu kusema nayo hayana mchanga. Binti aliponieleza, sote tulinyamaza kidogo, kisha akafuta orodha nzima na kuandika maneno yale ya wateja wa bibi yake, akiyafupisha kidogo tu. Yanatamkika, yanafaa kwa dagaa na kwa maharage, na yanamfunga: siku mteja atakapokuta mchanga, jina lenyewe litamshtaki. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha jina zuri la biashara. Limpe mwenyewe kazi ya kufanya kila asubuhi.

Cheti cha jina la biashara amekipata. Sasa anajifunza kwamba hicho hakimpi umiliki wa alama ya biashara, ambayo husajiliwa kwa maombi mengine na hudumu miaka 7 ya kwanza kabla ya kuhuishwa kwa 10. Ameambiwa pia kwamba maneno yanayoeleza tu sifa ya bidhaa ni vigumu kumilikiwa na mtu mmoja, hivyo anaandaa mchoro wa karabai juu ya kichanja ili uende pamoja nayo. Mchoro uwe wake, naye aulinde kisheria. Maneno yalitoka sokoni, na kama sheria itayaacha huko, sitasikitika. Kila anayeanika dagaa wake vizuri ana haki ya kusema hawana mchanga.